Chombo Kilichoacha Kulia

Jumamosi, 4 Oktoba 2003

Rafu ya juu ya meko kwa mama iko tupu. Nimetoka huko sasa hivi.

Nilikwenda kuchukua blanketi tu. Kule nyumba ya wazee wamempa blanketi jembamba kama leso — na pesa wanachukua, hilo nitalifuatilia. Nikawasha taa ya sebuleni, nikaona. Chombo cha maua cha mama, kile kilichochorwa zabibu, hakipo. Limebaki duara safi kwenye rangi ya rafu, pale kilipokaa, na vumbi pembeni. Saa ya ukutani ipo. Vijiko vya fedha vipo. Redio ipo. Mwizi gani anaacha fedha anabeba chombo cha maua? Mwizi anayejua kusoma alama za chini ya chombo. Na hapa Zanesville hao ni watu wote. Mji mzima umekulia kwenye udongo na matanuri. Ukialikwa chakula hata cha msiba, watu wanapindua sahani kwanza waone imetoka kiwanda gani, ndipo wapakue. Mchungaji nimemkamata kwa macho yangu akiinamisha bakuli la saladi — na saladi ndani.

Nikampigia Lowell. Mdogo wangu, ndugu yangu pekee. Sijamaliza swali, akajibu.

— Kiko kwangu, dada. Mama alisema nikae nacho.

— Alisema lini?

Siku ile tunamhamisha, akasema.

Siku ile nilikuwepo tangu asubuhi mpaka jioni. Nilimsikia mama akisema habari ya slipa zake, ya paka wa jirani, ya meno. Habari ya chombo sikuisikia. Machale yananicheza.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimekwenda kwa Lowell baada ya kanisa, bila kupiga simu. Sikutaka kumpa nafasi ya kupanga mambo.

Chombo kiko chumbani kwake. Juu ya kabati la nguo, nyuma ya kofia za kuvulia samaki, maua makavu ya mama yangali mdomoni mwake! Chombo kile. Mama alikichora mwenyewe alipokuwa mchumba wa baba: zabibu mwitu na majani yanayoanza kukauka, juu ya rangi ya asali iliyoungua. Alikuwa mchoraji kiwandani kwa Amsel, na baba alikuwa mchomaji wa tanuri hapo hapo. Baba alikiingiza motoni baada ya saa za kazi, wakubwa wakajifanya hawajaona. Wafanyakazi wote walikuwa wakifanya hivyo. Kila nyumba hapa ina kitu chake cha namna hiyo. Hakimo kwenye katalogi yoyote. Kipo kimoja tu duniani. Mnadani, kikiwa kizima, kingefika dola elfu nne. Kikiwa na ufa, mia mbili na pole.

Lakini mimi sikitaki cha kuuza. Mama alishasema, mbele ya Lowell, kwamba akiondoka yeye chombo ni changu. Nyumba wauze, vijiko wagawane nani na nani sijali. Hicho ndicho kitu pekee kilichopita kwenye mikono ya baba na mama pamoja, ukituondoa sisi wawili. Tangu baba afariki mama hakuruhusu mtu akiguse. Vumbi alikuwa anafuta mwenyewe.

Lowell alinifuata nyuma nyuma mle ndani. Usikinyanyue dada, mgongo wako. Kahawa, dada? Njoo tukae jikoni, dada. Tangu lini Lowell akajali mgongo wangu? Mwezi wa sita alisimama akinitazama nikishusha friji.

Bahati mbwa wake akaanza ugomvi na mbwa wa jirani, akatoka mbio. Nikapanda kiti.

Kizito. Kizito vibaya. Nikakiegemeza kifuani, nikakigonga ubavuni kwa kucha, kama alivyokuwa akifanya baba baada ya chakula cha Jumapili. Baba alikigonga mara moja tu, sisi watoto tunanyamaza mpaka sauti iishe, nayo haikuwa ikiisha upesi. Chombo kizima kinalia. Leo kimesema: tok. Kama kugonga boga.

Lowell akarudi anahema. Akauliza kama nimekigusa. Nikasema nimefuta vumbi. Akaniangalia, nikamwangalia, tukanywa kahawa yake mbaya.

Jumanne, 7 Oktoba

Kibanda changu kule kwenye jengo la vitu vya kale kimefunguliwa, wateja hakuna. Amekuja mama mmoja tu. Amepindua kila nilicho nacho, hajanunua hata kimoja. Nina hakika ametumwa kuja kuangalia bei zangu.

Verlin Ott wa kibanda cha jirani akaja na donati. Mzee wa sabini na kitu, mdomo wake hauna kufuli. Najua hivyo. Nikamwambia hata hivyo, maana ilikuwa lazima nimwambie mtu.

Akalamba sukari vidoleni.

— Bibi wewe, umepigwa changa la macho. Hiyo ni kopi.

Kopi zinaingia kwa makontena siku hizi, akasema, nzito kama tofali na hazilii. Mtu anapeleka chombo halisi, kinafanyiwa kalibu, anarudi na viwili. Kimoja anauza. Kimoja anakiweka pale pale mama yake alipokizoea.

— Lowell hawezi, nikasema.

— Lowell ana pikapu mpya.

Hilo nilikuwa sijaliwaza. Ana pikapu mpya kweli. Dereva wa basi la shule — pikapu mpya kaitoa wapi?

Verlin akaanza kucheka. Akasema mimi siku nikifika mbinguni nitampindua malaika nione ametoka kiwanda gani. Sikucheka. Donati nilikula.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefanya jambo leo, na wala silijutii.

Kopi ina kasoro moja haiwezi kuikwepa: ni ndogo. Ukikifanyia kalibu chombo halisi, udongo mpya ukiingia tanurini unanywea, kinachotoka kinakuwa kipungufu. Basi asubuhi nikapita kwa mama na gazeti, nikalichora lile duara la kwenye rafu, nikalikata kwa mkasi. Halafu nikaenda kwa Lowell akiwa kwenye basi na watoto. Ufunguo wa akiba anauweka chini ya chungu cha maua, kama mtu asiye na hatia. Au kama mtu anayetaka aonekane hivyo.

Nikachomoa yale maua makavu ya mama, nikakishusha chombo, nikakilaza kitandani. Karatasi na kitako: sawasawa, hata unywele haukupungua. Nikatazama alama. Ndege wa Amsel yupo, amegandamizwa udongo ukiwa mbichi, na mkia wake una kingo kali. Kwenye kopi mkia huwa umefifia kama sabuni iliyokwisha kutumika. Herufi za mama zipo, I na T, za jina lake la usichana. Ile T inaegemea kushoto, kama anavyoiandika mpaka leo.

Nikavuta pazia, nikawasha taa yangu ya zambarau, ile ya kukagulia vyombo. Chombo kilichozibwa ufa au kupakwa rangi upya kinawaka mabaka mabaka chini ya taa ile. Hiki hakikuwaka popote. Nikapitisha ukingo kwenye meno. Gundi ni laini na ina joto joto mdomoni, kioo cha tanuri, ile ngozi ya kung'aa juu ya udongo, ni baridi na kinakwaruza. Baridi. Nikaweka lenzi: ile mipasuko myembamba ya kwenye kioo imeingia uchafu wa miaka sitini. Wako wanaoighushi kwa majani ya chai, lakini ya chai naijua.

Ni chenyewe. Nikaona aibu kidogo, nimesimama chumbani kwa mdogo wangu nimeng'ata mali ya mama.

Kidogo tu. Maana uzito je? Nikamulika ndani. Chini ya ukingo, kiasi cha urefu wa kidole, kuna kitu cheupe kimesawazishwa vizuri na kimeziba koo lote. Plasta.

Nikasikia gari. Nikarudisha maua, nikakipandisha chombo kabatini, nikapanga kofia, nikatokea mlango wa nyuma. Kumbe mtu wa posta. Aliniangalia sana, yule.

Alhamisi, 9 Oktoba

Plasta. Kutwa nzima plasta.

Nani anaziba chombo kizima? Mtu anayeficha kitu. Pete za mama sijaziona tangu ahame. Mikufu ya bibi pia. Nimemwambia Verlin, nikamwapisha asiseme. Ameapa upesi mno.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo wamekuja mtu na mkewe na chombo cha buluu wamekifunga kwenye taulo. Wanataka bei. Cha bibi yake mke, alikuwa akikitazama tangu utotoni, bibi amefariki mwezi uliopita.

Sikuhitaji hata lenzi. Alama imepigwa muhuri juu ya kioo, inabanduka kwa ukucha. Ndani kumenyunyiziwa rangi, hakuna tone lililochuruzika kama kwenye vile vya zamani. Mshikio ni mnene kama kidole cha mpishi. Nikawaambia dola kumi na nane, na ni kwa sababu buluu inapendwa.

Mke midomo ikamcheza. Akasema haiwezekani, chombo cha bibi kilikuwa kikitamaniwa na kanisa zima.

Nikamwambia inawezekana kabisa kilikuwa hivyo. Cha bibi. Hiki si hicho. Nikamuuliza ni nani mwingine alikuwa na ufunguo wa nyumba.

Wakatazamana. Mume akaanza kukifunga chombo kwenye taulo, haraka, bila neno. Mke hakumwondolea macho mpaka wanatoka mlangoni. Nimewaonea huruma, lakini afadhali wajue mapema.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimempelekea mama blanketi. Leo alikuwa na akili zake zote. Anakula jeli ya kijani na kuitukana. Nikangoja atulie, nikamuuliza taratibu, mama, mbona chombo cha zabibu kimezibwa?

Kijiko kikasimama njiani.

— Nani kakwambia ukiguse?

— Mama, si ulisema kitakuwa changu?

— Nikifa. Mimi nimekufa?

Akaisukuma jeli. Akasema nimwachie Lowell, Lowell anajua alichoagizwa. Nikauliza kaagizwa nini. Akageukia dirishani, akaanza kuimba wimbo wake wa kanisani, ule anaoimba akitaka mtu aondoke.

Kwa hiyo na yeye yumo. Au ametishwa. Au amelainishwa — mzee wa miaka themanini na tatu, ukimjia kila siku na maneno matamu na biskuti za tangawizi, ataitikia chochote. Na Lowell anampelekea biskuti za tangawizi. Nimeona kopo.

Wakati wa kurudi nikasimama darajani. Huwa nasimama. Baba hana kaburi. Alinishika mkono mimi, binti yake mkubwa, akaniambia akifa achomwe na majivu yake yamwagwe mtoni, asikae ndani kamwe, amekaa ndani na moto maisha yake yote inatosha. Nikamwahidi nitasimamia. Halafu akafa mimi naishi Tucson, mbali kwa ndege, nimevunjika nyonga, siwezi hata kukaa. Mama na Lowell wakafanya wenyewe. Wakanipigia simu: tayari, tumemwaga alfajiri, pale darajani. Hiyo ilikuwa 1996. Tangu nirudi huku naongea naye pale, watu wapite waone kichaa anazungumza na maji.

Leo nimemshtakia mwanawe. Nimemwambia, baba, Lowell wako ana mkono mrefu. Mto ulikuwa wa kahawia, umejaa majani. Nilisimama mpaka nikasikia baridi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Lowell amekuja kibandani na sare yake ya basi. Mbele ya wateja.

Kinyozi wake amemuuliza leo, wembe ukiwa shingoni, kama ni kweli amemwibia mama yake. Verlin kusikia hivyo akapata ghafla kazi nyingi nyuma ya makabati yake.

— Dada, umewaambia watu mimi mwizi?

— Sijasema mwizi. Nimesema chombo hakilii.

— Chombo hakilii, kwa hiyo mimi mwizi.

— Ndani kuna nini, Lowell?

Akaanza kuchezea funguo za basi. Nikamwambia mtu mwenye jibu safi analitoa hapo hapo. Akasema amemwahidi mama. Hawezi kulisema mama akiwa hai. Na hasa hawezi kuniambia mimi.

Hasa mimi! Hilo ndilo lililoniuma. Nimemfunga kamba za viatu yule. Nimempigania shuleni na watoto wa Kessler mpaka nikang'oka jino. Leo kuna siri ya nyumba yetu, na mtu wa kufichwa ni mimi. Nikamuuliza pikapu kainunua na nini. Akasema kwa mkopo, kama binadamu wengine, na kama nataka risiti ataniletea nizitazame chini ya taa yangu ya zambarau.

Macho yalikuwa mekundu. Nilitaka kumshika mkono. Nikajizuia, nimeshaona watu wakilia kibandani kwangu ili nipandishe bei.

Alipofika mlangoni akageuka. Akasema taratibu kwamba nikiendelea hivi nitakikosa chombo na yeye nitamkosa. Ningependa angepiga kelele. Nimefunga mapema.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekichukua. Alikuwa kwenye basi. Nimekifunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari langu, nimeendesha polepole, watu wananipigia honi. Sasa kiko juu ya meza yangu ya jikoni.

Ufunguo nimeurudisha chini ya chungu. Mimi si mwizi. Kitu ni changu, mama alisema.

Sijakifungua. Nimekaa nacho tu. Kizuri jamani. Kuna zabibu moja mama aliichora imepasuka, nilikuwa nimeisahau.

Jumatano, 15 Oktoba

Acha niandike kwa mpangilio, nikiacha kuandika sijui nitafanya nini.

Asubuhi Lowell kanipigia. Sauti ya chini.

— Kiko kwako.

— Kiko mahali pake.

— Dada, usikifungue. Nakuomba. Nikimaliza kuwarudisha watoto nakuja, nakueleza yote. Mama atanisamehe.

— Nieleze sasa.

— Si kwa simu, Nadine.

Nikamkatia. Si kwa simu! Nikajua anataka muda wa kutunga. Nikasema atanikuta nimeshajua, na ushahidi uko mezani.

Plasta nimeishughulikia maisha yangu yote. Haipigwi, inaloweshwa. Nikamimina siki na maji ya vuguvugu shingoni, nikangoja, nikachokoa kwa kisu cha siagi, nikamimina tena. Aliyeiweka alikuwa na subira. Kingo amezilainisha zote zisikwaruze kioo. Nikamsifu kimoyomoyo, nikamlaani vilevile. Kizibo kikavunjika, nikatoa vipande kwa vidole.

Chini yake kijivu. Unga unga. Nikacheka peke yangu. Mchanga! Kitako kina ufa kwa ndani, nikasema, kakiangusha siku ya kuhamisha, akajaza mchanga kisije kikacheza. Si pete, si mikufu. Kavunja kitu na kaogopa kumwambia dada yake, kama alivyokuwa mtoto. Nilikaribia kumsamehe hapo hapo. Niliona hata raha.

Nikatia maji ndani, nikakizungusha, nikamwaga kwenye beseni. Tope la kijivu, jepesi. Nikalipeleka beseni kwenye sinki, nikamwaga, nikafungulia bomba mpaka sinki likawa jeupe. Nikasuuza na beseni.

Mara ya pili vikatoka vipande. Vyeupe, vidogo, vina vitundu. Nikachukua lenzi, kwa mazoea tu. Si mchanga. Si udongo wa tanuri. Si plasta. Mfupa uliochomwa naujua. Viwanda vya sahani nyembamba vinauchanganya kwenye udongo, nimeushika mara nyingi. Nikasema ni yule mbwa wetu wa zamani. Nilisema kwa sauti kabisa, jikoni peke yangu: ni mbwa wetu huyu, mama kamhifadhi mbwa.

Halafu kitu cha chuma kikagonga beseni. Kiduara, kama kifungo cha koti, kina tundu moja. Nikakisugua kwa kidole gumba, nikakiweka chini ya taa. Kina namba. Kina jina la nyumba ya kuchomea maiti ya kaunti ya jirani, wanaomwekea kila maiti kiduara hivi wasichanganye majivu. Kina mwaka, 1996.

Nimekaa. Sijui nimekaa kiasi gani.

Hawakumpeleka baba mtoni. Mama hakuweza kumwachia. Wakamweka kwenye chombo chao, na Lowell akaziba, akalainisha zile kingo kwa kidole chake. Wakanidanganya kwa simu kwa sababu wananijua: mimi niliyemwahidi baba ningepanda ndege na nyonga yangu mbovu, ningemtoa mikononi mwa mama nikammwage. Na ni kweli ningefanya hivyo. Yule mvulana amebeba hilo miaka yote hii, na wiki hii kalibeba pamoja na jina la mwizi, kwa kinyozi, kwa kila mtu, na hakusema.

Mimi nimekwenda darajani mara zote zile kuongea na maji matupu.

Vipande nimevitandaza kwenye taulo nzuri, ile ya wageni. Vilivyobaki ndani sijavigusa. Nimechukua spana, nimepiga magoti chini ya sinki, nimefungua ule mpindo wa bomba na kukinga kikombe. Kimetoka kama kijiko kimoja cha kijivu, pamoja na mafuta ya nyama niliyokaanga jana. Vingine vimekwenda. Mabomba ya mji huu yote mwisho wake ni mtoni, nimejaribu kujituliza kwa hilo, nimesema ndiyo alivyotaka. Haikusaidia. Alinishika mkono ili nimpeleke mimi, hakutaka apitie na povu la sabuni.

Kikombe sijui nikiweke wapi. Kwenye taulo haiwezekani, kuna mafuta. Kumwaga siwezi. Nimekishika mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia.

Pikapu imeingia uani. Amezima injini, hashuki. Namwona kwa pazia, midomo inamcheza, anajifunza maneno ya kuniambia. Anajua anakuja kuniambia jambo kubwa. Na mimi nina lile beseni la kwanza la kumwambia, na yeye ndiye atakayempelekea mama habari, kwa sababu mimi sitaweza.

Ameshuka. Ana kopo la biskuti za mama mkononi. Yuko ngazini.

Anabisha hodi. Lowell hajawahi kubisha hodi kwangu, huwa anaingia tu na kufungua friji. Mlango uko wazi, na mimi bado nimekishika kikombe. Anabisha tena.